Kila Nilipoharibu Sura, Kichwa Kiliniuma

Jamani, kwa miaka mitatu ngozi ya kichwa changu ilikuwa inanihariri riwaya.

Usicheke. Nisikilize kwanza.

Mimi ni mtunzi wa hadithi, na watunzi tuna mambo. Kwenye kundi letu kuna kaka mmoja haandiki mpaka avae tai na viatu, na hapo yuko sebuleni kwake. Kuna mama mmoja lazima miguu iwe kwenye beseni la maji baridi. Maji yakishapata joto, anasema, na hadithi imekwisha.

Mimi bila kusukwa nywele siandiki.

Nikikaa mezani, sentensi moja tu nimeshainuka kwenda kufua mapazia. Lakini kwa msusi utainuka uende wapi na nusu ya kichwa iko timutimu? Nakaa kwenye kigoda, yeye kwenye kiti nyuma yangu, simu iko mapajani, herufi nimezikuza maana macho yangu si mazuri. Kusukwa kunachukua saa nne, natoka na sura moja. Nikimaliza nafumua, narudi tena.

Mume wangu alishazoea. "Mke wangu, hiki kichwa cha ngapi wiki hii?"

"Cha pili."

"Basi kitabu kinaenda vizuri."

Sasa sikia ajabu. Nikiandika vizuri, mikono ya msusi siisikii kabisa. Nikiharibu, kichwa kinawaka moto. Siku moja nilimwoza mjane, mhusika mkuu wa riwaya yangu, kwa tapeli mwenye gari jekundu. Wee! Machozi yalinitoka. Nikafuta aya ile, maumivu yakakata palepale.

Nikasema hii si bure, hii ni karama. Kwenye kundi nikawa natamba: wenzangu, mimi kichwa kikiuma nafuta.

Msusi mwenyewe nilimwona mtu wa tamthilia tu. Kila siku nyuma yangu nasikia, "Mh!" "Mwanamume gani huyu!" "Ala, usiende naye!" Mimi najua macho yake yako kwenye televisheni ya saluni.

Ikabaki sura ya mwisho. Ndipo msusi wangu akateleza bafuni kwake, akavunjika mkono wa kulia. Akafungwa plasta, wiki sita.

Nikaenda saluni ya mtaa wa pili. Binti wa pale ana mikono laini kama pamba, masikioni kajaza muziki. Nikaandika sura nzima kwa mkao mmoja. Fundi saa anayempenda mjane anapanda mnarani kutengeneza saa kubwa, asubuhi ya harusi yao, radi inampiga, anakufa. Kichwa hakikuuma hata kidogo. Nikajua nimepatia, nikatuma.

Kesho yake mhariri akapiga simu.

"Dada, huyu fundi saa amekukosea nini?"

"Kwani vipi?"

"Msomaji amesubiri kurasa mia tatu aoe, wewe unamchoma na radi! Nakupa mpaka Ijumaa saa sita mchana. Ikipita hapo, nafasi yako kwenye kiwanda cha uchapaji anapewa mwingine, na wewe utasubiri mwakani."

Ilikuwa Jumatano. Miaka mitatu ya jasho langu, jamani!

Nikamfuata mume wangu sebuleni. "Nivute nywele."

Akaweka gazeti chini. "Tangu nikuoe sijakunyanyulia mkono, leo unataka nikuvute nywele?"

"Ni kazi, baba!"

Akavuta, maskini, huku amefumba macho. Nikiandika radi, inauma. Nikifuta radi, inauma vilevile. Hapo nikalia kweli.

Alhamisi nikabeba mfuko wa machungwa, nikaenda kumpa msusi wangu pole. Pole ilikuwa nusu ya safari. Nusu nyingine nilitaka anivute kwa mkono wa kushoto. Nikamweleza yote, karama yangu, mhariri, mpaka mume wangu kufumba macho.

Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Karama gani, mwenzangu? Nilikuwa nakuvuta mimi!"

"Unanivuta?"

"Nasoma simu yako tangu sura ya kwanza. Ukiharibu, nakaza. Ukirekebisha, nalegeza."

"Na ile televisheni?"

"Ile televisheni ilikufa mwaka juzi! Hujawahi kuinua macho?"

Sijawahi, haki ya nani.

"Sasa kwa nini hukuniambia tu?"

"Ungesema msusi anajua nini mambo ya vitabu."

Aibu iliniingia mpaka kwenye kucha, kwa sababu kweli ningesema. Miaka mitatu nimekaa mbele ya magoti ya mtu, sijamuuliza hata siku moja kama anapenda kusoma.

"Nisamehe, dada."

"Yameisha. Niambie, fundi saa umemfanyaje?"

"Amekufa."

"Amekufa?!" Mkono wa kushoto uliruka wenyewe ukakamata nywele zangu. "Mrudishe! Mrudishe sasa hivi!"

Nikavuta kigoda, nikakaa, nikatoa simu. Radi nikaifuta. Nikakwama.

"Mtu maisha yake yote anatengeneza saa za wenzake," akasema nyuma yangu. "Acha achelewe harusi yake mwenyewe, kisa saa yake imesimama. Watu wote waondoke, mjane abaki pale pale anamngoja."

Nikaandika. Kichwa hakikuuma.

Ijumaa, saa sita kasoro dakika saba, nikatuma. Mhariri akajibu, "Nimelia. Ulikuwa umekwenda wapi?"

Kitabu kimetoka. Ukurasa wa mbele umeandikwa: Kwa msusi wangu, msomaji wangu wa kwanza. Wiki nzima aliusoma kwa sauti kwa kila mteja aliyekaa kwenye kile kigoda, hata waliokuja kunyoa tu.

Plasta imefunguliwa, mkono umepona, na mimi nimeanza riwaya mpya. Tumekubaliana kwamba asipopenda kitu ataniambia kwa mdomo, kama watu wazima.

Jana nimemuua mama mkwe, sura ya kwanza tu.

Hakusema neno. Alivuta.

Kwa hiyo, wewe unayetamba kwamba una karama, geuka nyuma kwanza. Angalia nani ameshika nywele zako, halafu umwambie asante.