Nje Kidogo ya Picha

Mimi hupiga picha kwenye harusi za kina mama, zile ambazo simu hukusanywa mlangoni na mwanamume hapiti hata kwa bahati mbaya. Ukunda nzima wananijua kwa hilo: nikiambiwa nisipige, sipigi. Ndiyo maana siku niliyoitwa Diani kuwapiga picha wasichana wa baleti, ile densi ya kusimama kwa ncha za vidole, mama mmoja wa Tiwi alinivuta kando kabla sijatoa kamera mkobani.

"Dadangu, mwanangu apenda mno kucheza, siwezi kumkataza. Lakini picha, la. Babake hataki. Nakuomba sana."

"Usiwe na wasiwasi," nikamwambia. "Hakitatokea hata kidole."

Mtoto mwenyewe alikuwa wa miaka tisa, mtundu kupita kiasi, na marufuku ile aliigeuza mchezo. Kila nilipoinua kamera mazoezini aliruka nje ya mstari, akasimama pembeni ananitolea ulimi. "Nimetoka, mamdogo! Piga!" Wenzake walivunjika mbavu, mwalimu akafoka, nami nikajitia kukasirika huku nacheka nyuma ya kamera. Alinichelewesha kazi yule! Siku ya onyesho, zamu yake ilipofika, niliishusha kamera nikamtazama kwa macho yangu. Alicheza vizuri kuliko wote. Kama huo ni upendeleo, basi na uwe.

Haukupita muda akashikwa na homa. Wakamkimbiza hospitali, Msambweni, na hakurudi nyumbani akiwa hai. Niliposikia nilifunga studio nikalia mchana kutwa.

Baada ya kisomo cha arobaini, mama yake akaja studio. Nilimpa kiti na pole, akaitikia.

"Ninayo ile picha yake ya shule tu," akasema. "Amenuna. Babake ndiye amenituma. Asema pengine ulimpiga moja kwa kuiba. Kama uliiba, dadangu, tumeridhia."

Laiti ningeiba! Nilimfungulia picha zote kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine, naye akiinama karibu na kioo. Hakuwamo. Ahadi yangu niliitimiza barabara, na pale nikaichukia.

Tulipofika kwenye moja ya mazoezini, akanishika mkono. Wasichana wote walikuwa wamegeuza shingo upande mmoja, wamekufa kwa kicheko.

"Hawa wamcheka nani?"

"Yeye."

Nikaichapisha, nikaiweka mezani mbele yake. Aliitazama muda mrefu.

"Alikuwa amesimama wapi?"

Niliweka kidole kwenye meza tupu, nje kidogo ya picha, upande wa kushoto. Akaleta mkono wake, akalaza kiganja chote hapo. Nikaondoa changu, nikamwachia.