Mwalimu Aliyesubiri Kuinuliwa

Msiba wa yule mchungaji mweusi wa Marekani ulitufikia kwa redio, na skulini kwetu aliyeupokea kama msiba wa nyumbani alikuwa mwalimu wetu wa hesabu, mwanamke wa Kijarumani mwenye shingo nyekundu kama kaa aliyechemshwa. Nilikuwa darasa la nane. Sasa nangoja mtihani wa mwisho wa sekondari, na bado sijakisimulia kisa hiki kwa mtu.

Sisi wanafunzi tulijua tu kwamba mtu mkubwa aliyekuwa akidai haki za weusi wenziwe kapigwa risasi na mzungu. Tukasema innalillahi, tukatoka kwenda kula urojo. Mwalimu yeye akaingia darasani macho yamevimba, akaandika jina la marehemu ubaoni, akasahau kabisa kutusahihishia hesabu. Kwa upande wangu nilimshukuru marehemu.

Ndani ya daftari lake alibandika picha ya mchungaji, kaikata gazetini. Alipenda kusema "sisi tunaopigania haki," na kila akisema "sisi" darasa zima linaitazama shingo yake.

Skuli ikaamua kufanya kikao cha kumkumbuka. Mwalimu mkuu alitaka jambo fupi: wimbo, hotuba ya mgeni kutoka kamati ya chama, kila mtu kwao. Mwalimu wetu akaomba na yeye apewe nafasi. Akakataliwa siku tatu, kwa adabu. Siku ya nne mwalimu mkuu akachoka, akampa dakika tano. Ungedhani kapewa Unguja nzima.

Akaniita mimi. Nilikuwa hodari wa kuiga watu, na mara mbili alinifuma nikimwiga yeye, akacheka. Hilo ndilo kosa lake la kwanza.

"Hotuba hapana," akaniambia kwa Kiswahili chake kilichopangwa kama matofali. "Hotuba watatoa wote. Mimi nataka kuomboleza kama watu wa hapa. Kwenu mnafanyaje?"

Kwetu ni mtaa wa Ng'ambo, na bibi yangu mzaa baba ni Mzaramo, kaja kutoka Mrima, pwani ya bara, akiwa msichana. Misiba yetu ina watani. Wanyamwezi ni watani wetu tangu enzi za mababu: akifa mtu kwetu, wao huja wakavaa nguo zake, wakaiga alivyotembea, alivyokohoa, alivyokufa. Wafiwa wanacheka huku kamasi zinawatoka. Mtani hulala chini akajifanya maiti, hainuki ng'o mpaka mfiwa amshike mkono na kumtia kitu kidogo kiganjani.

Nikamweleza yote. Kweli tupu, wallahi. Nilibakisha jambo moja tu: kwamba utani hauombwi, mtu huzaliwa nao. Asiye mtani akifanya vile msibani, hufukuzwa kwa mchi.

"Na mimi naweza kuwa mtani wa marehemu?"

"Nani tena kama si wewe, Mwalimu?"

Wakati ule nyumba ya bibi ilikuwa na alama ya chokaa ukutani, ibomolewe, yajengwe maghorofa ya Michenzani, na aliyekuwa akipita na kamba ya kupimia ni mumewe Mwalimu. Mtu anaweza kusema nlikuwa nalipiza. Nisijitafutie heshima. Hata bila ya chokaa ningefanya. Nilitaka kucheka.

Tukafanya mazoezi siku mbili, wenzangu wakishatoka. Nikamfundisha kuanguka.

"Hivyo umejikwaa, Mwalimu, hujafa."

Akaanguka tena, mpaka goti likachubuka.

"Na wakikwita usiitike. Mfiwa ndiye atakayekuinua."

"Mfiwa nani?"

"Mimi. Nitakuja na kashata."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, kama vile nimempa kitu.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Mgeni wa kamati kakaa mbele, vijana wawili wamesimama nyuma yake. Akawahutubia mabeberu, ambao hawakuwepo, mpaka watoto wa mbele wakasinzia. Kisha Mwalimu akatokea kavaa koti jeusi la mumewe, mikono imemfunika vidole. Akatembea mwendo wa mchungaji, akainua kidole, akahubiri maneno mawili matatu kwa sauti nzito. Halafu akashika shingo, akaanguka puu kwenye saruji.

Nilikuwa nshajiandaa. Nikangoja wenzangu waanze kucheka. Hakuanza mtu.

Mpishi wetu wa skuli, mwanamke mtu mzima, akasema kule nyuma, taratibu: "Kumuua wamuue wao, na kumcheza wamcheze wao?"

Ndipo kicheko kikanitoka, kimoja, kama chafya.

"Mwalimu, tafadhali inuka," akasema mwalimu mkuu.

Nzi katua shavuni pake, hakumfukuza. Nilimfundisha vizuri.

Mgeni akasimama. "Huyu anatukejeli? Katumwa na nani?"

Tangu Mapinduzi, swali hilo kwetu si la mchezo. Walimu wote wakaanza kuvitazama viatu vyao.

"Mwalimu, inuka!"

Akafumbua jicho moja, akanitafuta, akaniona. Akasema pale pale chini, kwa upole, kama anayemkumbusha mtu zamu yake: "Bado sijainuliwa."

Kashata ilikuwa mfukoni inaniganda vidoleni. Kutoka nilipokaa mpaka alipolala hazifiki hatua kumi. Ningesimama nikasema, ni mila ya kwetu, nimemfundisha mimi. Nusu ya ukumbi ni watu wa Ng'ambo; wangeelewa, na mimi ningekula bakora zangu, basi. Nikavuta ushungi, nikautazama ukuta.

Wale vijana wawili wakamwinua kwapani, kama gunia. Koti likamvuka bega moja. Kashata niliila njiani nikirudi nyumbani. Ilikuwa tamu, siwezi kusema uongo.

Hakunitaja. Watu wa kamati walimhoji siku mbili, akashikilia kwamba mila ile kaisoma kitabuni. Ikaamuliwa arudi kwao. Mumewe akabaki na kamba yake, na nyumba ya bibi ikabomolewa vilevile.

Siku aliyokuja kuchukua vitabu vyake alinikuta barazani pa skuli.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

Akanitazama sana, si kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejua la kufanya.

"Niambie kweli," akasema. "Nilikosea wapi?"

Jibu nilikuwa nalo, lile jambo moja nililobakisha. Lilishanifika ulimini.

"Ulifumbua jicho, Mwalimu. Maiti hafumbui jicho."

Akatoa kalamu, akafungua lile daftari lenye picha, akaandika.