Mbao za Chumba cha Bwana Harusi

Mwanangu wa kiume ni fundi wa mashua, na kwa mashua sina la kumwambia. Ila wanaume wa hapa kisiwani Ndau, akijua mmoja kazi moja basi ashajua zote.

Binti yake, mjukuu wangu, alikuwa aolewe. Kwetu bwana harusi hutiwa nyumbani kwa mke, akakaa ndani siku saba anapikiwa na kutazamwa kama yai. Chumba kilikuwepo, kuta za mawe na chokaa, safi. Mwanangu akaona hakifai. Kwenye simu ameona nyumba za Nairobi, kuta zimevishwa mbao toka chini hadi kifuani, zimepakwa rangi. Naye akaleta mbao za msonobari kwa boti, akazipigilia ukutani. Nikamuuliza, ukuta ulikuwa unaona baridi? Akaendelea kugonga misumari.

Mwenye duka alimpa msasa, na rangi nyeupe ya kutangulia. Akavirudisha.

"Hivyo ni vya watu wa bara, mama. Mbao ni mbao. Mimi nimepaka mbao tangu sina ndevu."

Akatoa dumu lake la sifa, yale mafuta ya maini ya papa wanayopaka mashua zisioze. Akazipaka mbao za chumba cha harusi. Mara mbili, asije akadhulumu. Juu yake akatia rangi ya mafuta, ya kijani.

Mashua hukaa juani, na uvundo wake huchukuliwa na upepo. Chumba kile kina kidirisha kimoja. Siku ya nne rangi ingali inashika kidole, na paka wa mtaa mzima wako mlangoni. Mmoja aliingia kulamba ukuta, akatoka na sharubu za kijani.

"Bibi," mjukuu wangu akaniambia, "huyo mume akitiwa humu atatoka mbio."

Babaake akasema itakauka.

"Lini, baba?"

"Ikitaka."

Hayo ndiyo majibu ya mtu mzima mwenye mke na watoto.

Siku mbili kabla ya harusi akaja mama wa bwana harusi kutazama chumba, na jamaa zake wanawake. Akasimama kizingitini, ncha ya mtandio puani.

"Bwana, chumba hiki mwakishusha lini majini?"

Wanawake wakaangua kicheko. Mwanangu naye akacheka, eti ametaniwa. Mama yule aliponyamaza, uso ulikuwa mwingine.

"Mwanangu ana pumu. Humu halali. Kama hakuna chumba chengine, harusi na ingoje."

Ingoje! Watu wamealikwa hadi Kipungani, na bibi harusi keshatiwa hina. Alikuwa nyuma yangu ameishika kanga yangu.

"Bi, rangi hini yakauka," mwanangu akaanza, "mbao za mashua nazo—"

"Nyamaza," nikamwambia.

Chumba chengine nyumbani ni kimoja tu, nacho ni changu. Nikamfungulia yule mama. Akapitisha kiganja ukutani, akakitazama, akakinusa.

"Hapa sawa, Bi."

Harusi ikawa siku yake. Bwana harusi akatiwa chumbani mwangu akapumua vizuri, na mimi nikahamia kwenye mbao. Kitanda nilikiweka katikati, nisiguse upande wowote. Siku saba nilinuka papa. Wageni walionijia walinipa mkono kwa mbali.

Siku bwana harusi alipotoka, mwanangu akaja kuniona, kavaa kanzu mpya nyeupe, uso wa mtu aliyefanya jambo.

"Mama, si imekauka sasa?"

"Egemea uone."

Akaegemea.