Michikichi Kumi na Miwili ya Masomo Yangu

Matunda ya mchikichi yakichemka ndani ya pipa hutoa harufu nzito, tamu kidogo, inayoganda kwenye nguo. Hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya nyumba yetu, Kindu, karibu na mto. Baba alikuwa mkulima wa mpunga, lakini mwaka niliozaliwa alipanda michikichi kumi na miwili, akasema mawese yake yatanisomesha hadi chuo kikuu. Majirani walimcheka: “Mutoto hajaota meno, weye unamupandia masomo!” Aliwajibu kwamba akiba haiozi, akaendelea kupalilia. Hesabu yake ilikuwa rahisi: nikimaliza sekondari, miti itakuwa katika nguvu zake zote. Mama akipungukiwa mafuta ya kupikia, alinunua sokoni. Yangu hayakuguswa.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu vita vilipoingia mjini. Wazazi walikimbilia shambani, msituni, pamoja na wadogo zangu. Mimi nilibaki na bibi, ambaye miguu haikumruhusu kwenda mbali. Wapiganaji walitaka malafu, pombe ya mchikichi, tangu asubuhi. Mgemaji mvumilivu hupanda juu, na mti huendelea kuzaa. Mwenye haraka huuangusha, hutoboa karibu na kilele, huuchoma moto kidogo, na utomvu hutiririka wiki kadhaa. Kisha mti huoza. Mimi niliogopa kupanda. Saleh, kijana wa jirani, alinionyesha lilipokuwa shoka la baba.

“Ni miti ya papa,” nikasema.

“Ya papa namna gani? Si alisema iko ya kwako? Muntu anaogopa kitu yake?”

Simlaumu Saleh, shoka nililishika mwenyewe. Niliangusha tisa. Kwa malafu yake nikapata shati la nailoni, viatu, na sifa ya kuitwa “mukubwa” na watu wenye bunduki.

Baba aliporudi alizunguka visiki, akivigusa kimoja kimoja kwa mguu. Nilimwambia ilikuwa vita.

“Vita ilijuaje shoka yangu iko wapi?”

Hakunipiga. Alipanda mingine, lakini mchikichi hausikii haraka ya mtu. Ile mitatu iliyobaki ilinifikisha mwisho wa sekondari. Barua ya chuo, Kisangani, ilikuja. Mawese hayakutosha hata nauli. Nikawa karani wa ghala, kazi niliyoifanya hadi uzeeni.

Leo ninaishi na binti yangu Zaina, muuza samaki. Mtoto wake yuko darasa la tatu tu, lakini kila Zaina anapopokea zamu yake kwenye kikundi cha akiba cha wanawake wa soko, hununua mabati, atakayoyauza siku ya chuo kikuu. Yamepangwa chumbani mwangu. Masika yaliyopita paa lilitoboka juu ya kitanda changu, nikamwomba bati moja.

“Hapana, Papa. Ile ni ya mutoto. Ya kwako tutatafuta.”

Baba yangu hakuwahi kumkatalia mtu hivyo; aliamini tu kwamba hakuna atakayeigusa miti yake. Mvua ikianza, mimi husogeza kitanda kando, kisha huchukua turubai na kuyafunika mabati yasishike kutu.