Mwano kwenye Lami

Juzi nilirudi kwetu Shinyanga, na alfajiri nikavaa raba nikaenda kukimbia kwenye ile lami ya zamani, kutoka boma la Mjerumani hadi jineri ya pamba. Njia tambarare, haina hata kilima cha kumchosha mbuzi. Nilipofika kwenye maduka nikajikuta nacheka peke yangu. Kaa nikusimulie, maana hapo ndipo nilipopatia jina.

Miaka ya tisini shule yetu ilikimbia mchakamchaka kila asubuhi kwenye lami hiyo. Wengi tulikuwa pekupeku. Wenye bahati walivaa katambuga, zile ndala za matairi, zikilia pa pa pa mpaka kuku wanapisha. Hewa ilinukia mbegu za pamba. Mbele alikaa kiongozi wa kuanzisha nyimbo, na kiongozi, ndugu yangu, alikuwa mvulana siku zote. Wasichana kazi yetu kuitikia. Nilikuwa darasa la tano, na cheo hicho nilikitaka kuliko sare mpya.

Nikamsumbua mwalimu wa zamu wiki nzima. Mwishowe akanipa asubuhi moja tu: sauti yangu ikifika kwa watoto wa darasa la kwanza kule mkiani, nitaongoza, isipofika, nisimfuate tena. Wavulana walicheka mpaka wakashika mbavu.

Nilianza vizuri. Lakini tulipokaribia maduka nikageuka, nikaona mkia umeachwa mbali, kimya kabisa. Niliogopa, nyimbo zote zikanitoka kichwani. Basi nikatoa sauti pekee niliyojua inafika mbali: mwano, lile yowe letu Wasukuma la kuitana ng'ombe wakiibwa. Wewe acha tu! Wazee wa sungusungu walitoka na pinde na marungu, wakiuliza wezi wameelekea wapi. Mwenye duka Mhindi akatoka na yadi yake ya kupimia vitambaa. Bibi yangu, aliyenilea, akatoka na mwiko unaochuruzika uji. Alipofika barabarani akavua katambuga kwanza, maana kwake lami ilikuwa kama mkeka wa wageni, haikanyagwi na viatu.

Sasa, mwano haupigwi kwa mchezo. Kwetu anayeupiga bure huwekewa kikao, na wazee walikuwa wamekasirika kweli. Nikajua cheo kimekwenda na viboko vinakuja. Machozi yalinilengalenga.

Bibi akafika anahema, akanitazama, kisha akamgeukia mwalimu.

"Mwalimu, nilikuwa jikoni, nyuma ya nyumba, mlango nimefunga," akasema taratibu. "Nimemsikia."

Mwalimu akatazama nyuma. Darasa la kwanza walikuwa wamefika wote, maana hata mtoto wa kwetu anajua mwano ukilia unaukimbilia. Mzee mkuu wa sungusungu akaanza kucheka, na wenzake wakafuata. Akaniapisha mbele ya watu kwamba sitapiga mwano tena mpaka kuibiwe.

"Kesho uanze na wimbo," mwalimu akaniambia.

Kesho! Niliongoza mchakamchaka mpaka namaliza darasa la saba, na jina la Mama Mwano likanishika hadi leo. Najivunia, sifichi. Baada yangu wasichana wengine wakaongoza, na hakuna aliyecheka tena.

Siku hizi wanaokimbia pale wameziba masikio kwa muziki. Wazee wale wametangulia mbele za haki, vijana wengi wako Mwakitolyo wanachimba dhahabu, na kwa bibi pamejengwa duka la simu. Nikasimama pale ulipokuwa mlango wa jikoni. Nilikumbuka kiapo changu, nikaona kwamba kwa kweli nimeibiwa. Nikapiga mwano.

Sauti bado ninayo, rafiki yangu. Iligonga mabati ya jineri ikarudi. Kijana mmoja akanipungia mkono, akapita zake. Nilingoja kidogo. Hakutoka mtu na mwiko.