Sifuri ya Leso Mbili

Wasomaji wangu, mimi skuli niliiacha mapema, walimu wasije wakakosa la kunifundisha. Juzi, katika duka la leso karibu na Marikiti, nilimwona mwalimu wa uchoraji wa sekondari, mgeni kutoka bara, akimwonyesha mwenye duka michoro ya leso ya wanafunzi wake, amchagulie ulio bora. Mmoja ulikuwa na sifuri nyekundu, kubwa kama tangi la maji. Kijana aliyeuchora alisimama pembeni akitazama vidole vya miguu yake.

"Mbona huu una sifuri?" akauliza mwenye duka.

"Nilimwambia achore leso moja. Kachora mbili zinazofanana, kanakili tu. Uvivu huo!"

Bibi mmoja aliyekuwa akichagua leso akageuka. "Mwalimu, leso huvaliwa mbili. Moja nikijifunga kiunoni, kichwani nijitande daftari lako?"

Tulicheka mpaka Likoni wakasikia. Mwalimu akatoa kalamu, akakata sifuri, akaandika tano juu ya kumi.

Bibi akachungulia. "Hiyo ni ya leso moja. Na ya pili je, mwanangu?"

Akaandika kumi. Ningekuwa mimi ndiye yule kijana, ningedai na alama za pindo.