Kompyuta Niliyoivalisha Sweta

Katika nyumba yetu ya kupanga pale Migosi, Kisumu, hapakuwa na kitu kilichokaa uchi. Makochi, redio, hata jagi la maji, vyote nilivifumia vitambaa. Kaka yangu aliponiletea kompyuta kuukuu kutoka kazini kwake, katikati ya miaka ya tisini, niliifumia chake kabla sijajua kuiwasha. Kilikuwa kizito, cha maua, kimeshuka nyuma hadi mezani.

Kazi ya kompyuta hiyo ilikuwa moja. Baba aliugua koo, sauti ikawa inakwisha, na ni yeye peke yake aliyebaki akijua majina ya wazee wetu wa kijijini kwetu, Usenge, nani alimzaa nani, wanaume tu. Akaja kukaa kwangu. Kwa siku nne alinong'ona, nami nikachapa. Jioni nilizima kioo tu, nikaifunika. Asubuhi nilifunua mbele. Sikujua kuna kuhifadhi. Stima nayo haikupotea hata mara moja, na kwa Kisumu ile huo ulikuwa muujiza.

Siku ya tano sauti ya Baba haikutoka tena. Siku hiyohiyo mashine ikaanza kujikokota, kisha ile alama ya saa ya mchanga ikaganda kwenye kioo. Mimi hasira zangu ziko karibu. Redio ikikoroma huwa naipiga kofi, ikanyamaza. Nikaipiga kompyuta kofi, halafu nikashika waya niung'oe ukutani.

"Yawa! Mama, wacha hiyo waya!"

Alikuwa jirani yangu, sekretari wa ofisi moja mjini, ameniletea omena, wale dagaa wa ziwani. Akaweka sahani chini, akapapasa nyuma ya mashine.

"Hii kitu inapikwa. Nani alivalisha yeye sweta?"

Akakitoa kitambaa changu, akafungua dirisha. "Ukizima hivyo, maneno ya Mzee imeenda. Sasa tunangoja. Usiguse kitu."

Kungoja sikukuweza, lakini niliogopa. Chai ilipoa vikombeni. Hatimaye saa ya mchanga ikatoweka. Akahifadhi majina yote, akayanakili kwenye diski, akanionyesha jinsi ya kuizima kwa kuiamuru palepale kwenye kioo, na kusubiri mpaka yatokee maandishi ya rangi ya chungwa kwamba sasa ni salama. Ndipo akabonyeza swichi. Ilipopoa tukaiwasha, ikaenda vizuri, na majina yalikuwepo. Nilimkumbatia yule mama mpaka akacheka. Namshukuru hadi leo.

Nikamsomea Baba. Alikuwa amefumba macho, kila jina anagonga kitanda kwa kidole. Nilipofika kwenye jina lake, la mwisho, akagonga. Kisha akagonga tena. Nikadhani nimeruka mtu. Akafumbua macho, akaninyooshea mimi kile kidole.

Nikarudi mezani, nikachapa jina langu chini ya lake. Nililihifadhi kabla ya kufuta machozi.